Kitabu Kisichoacha Hatua

Siku mpanga herufi Kimya alipomwona Mama Vidole kwa mara ya kwanza, alidhani amekuja kuchapisha kadi za harusi. Mwanamke mfupi wa miaka sabini hivi alisimama mlangoni mwa kiwanda cha uchapaji, amekumbatia madaftari matano kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa.

"Wewe ndiye unayepanga herufi?"

Kimya akaitikia kwa kichwa. Alikuwa ameishia darasa la saba, na maneno yake ya siku nzima yangeenea kwenye kisanduku cha kiberiti.

"Basi ni wewe ninayekutaka. Msomi simhitaji."

Alikuwa mwanamazingaombwe. Miaka arobaini alikata kamba zikaungana mbele ya watu, na sasa alikuwa ameandika namna ya kufanya yote. Alikuwa na sharti moja: ukurasa hauchapwi mpaka Kimya ausome, kisha aufanye mwenyewe. Basi kila mchana, wenzake wakienda kula, Kimya alibaki kando ya mashine, vidole vimejaa wino, akijaribu kuficha sarafu kiganjani na kuiangusha.

"Mikono yangu mizito, mama."

"Mikono haina kosa. Mimi ndiye niliyeandika vibaya. Lete kalamu."

Habari zikamfikia mwenyekiti wa chama cha wanamazingaombwe. Akaja na koti lake la jukwaani.

"Dada yangu, walimu wetu wakubwa wote waliandika. Lakini waliacha hatua moja. Anayeitaka, aje apige magoti."

"Nilipiga miaka sita. Mwalimu wangu akafa na hatua yake, mimi nikabaki na goti bovu."

Mwenyekiti akamgeukia mwenye kiwanda. "Ukikichapa hivi, mabango yetu tutayapeleka kwingine."

Mwenye kiwanda akajikuna kisogo. "Mama, si utoe hiyo hatua moja tu, yaishe?"

"Bora ukichome moto. Kitabu changu hakihasiwi!"

Kimya akachukua sarafu mezani, akaifumbata, akafumbua kiganja: kitupu. Akaichomoa kwenye mfuko wa koti la mwenyekiti.

"Nani kakuonyesha?" mwenyekiti akafoka.

"Hakuna. Ukurasa wa tisa." Kisha akamwambia mwenye kiwanda, "Bosi, herufi hizo nimepanga mimi. Zikitoka, na mimi natoka."

Mwenye kiwanda akamtazama kama aliyesikia mashine ikiongea. Mpanga herufi mwingine hakuwa naye.

"Haya, chapa! Na wewe mwenyekiti, mlango uko pale."

Kitabu kilipotoka, Mama Vidole alikuwa kitandani kwa binti yake, hawezi hata kushika kijiko. Kimya akamfungulia nakala ya kwanza, akamsomea ukurasa mmoja mmoja, taratibu, hatua kwa hatua. Walipofika mwisho akamwambia kwamba mwenyekiti anapita mitaani akikitukana.

Mama Vidole akacheka hadi akakohoa.

"Mpelekee nakala, mwanangu," akasema. "Na yeye kuna hatua walimu wake walimficha."