Majibu Yaliyolingana Mno

Naungama kosa nililolifanya mtaani Kayole nikifanya utafiti wa shahada yangu. Nilitaka kujua kama hojaji yangu kuhusu njaa inaaminika, hivyo nilipanga kuwauliza akina mama walewale maswali yaleyale tena baada ya wiki mbili. Kwa uaminifu wangu wote niliwaeleza mapema, "Nitarudi kuona kama majibu yatalingana."

Yalilingana yote. Nilijisifu kwa msimamizi wangu wa chuoni.

"Njaa gani hii isiyobadilika?" aliuliza. "Twende nikajionee."

Tulibisha mlangoni kwa Mama Atieno, muuza sukumawiki, mmoja wa niliowahoji. Shahada yangu ilikuwa mdomoni mwake.

"Mama, wiki hii watoto wamelala njaa mara ngapi?" msimamizi alimuuliza.

Mama Atieno alinitazama kwa huruma. "Kijana wangu, nimwambie ukweli, ama nimwambie ile tuliandika mara ya kwanza?"