Kuijaribu Kidogo Tu

Fundi wa baiskeli wa kituo cha Kawangware 56, Nairobi, huzungusha gurudumu karibu na sikio akitabasamu, kama anayenong'onezewa udaku, na harudishi baiskeli ya mtu kabla hajaipanda mwenyewe kuijaribu. Tangu vurugu za uchaguzi hakuwa amekanyaga Kibera, aliogopa. Siku ya mbio za baiskeli za amani zilizopita hapo kwenda Kibera, mshindani mmoja wa Kibera alipata pancha mbele ya kibanda chake. Fundi akaziba, akapanda, kuijaribu kidogo tu. Lo! Akina mama wakapiga vigelegele, washindani wakamzunguka, miguu ikanogewa, akasahau kugeuka. Watu wa Kibera wakampokea, wakambeba juujuu. Mwenye baiskeli alipofika akikimbia, ulimi nje, fundi akamrudishia: “Iko poa, buda. Ila breki ndiyo sijajaribu.”