Shemeji Aliyelamba Matofali

Mimi sikupewa kitu na mtu. Shule niliishia darasa la pili, lakini leo ukipita Korogwe ya Zamani, nyumba nyingi za maana zimesimama kwa matofali yangu. Mwenye shaka akaulize. Kwa hiyo sioni haya kusema kwamba kuna mwanamke mmoja nilimwonea wivu hadi chakula kikanishinda.

Ilikuwa enzi za vijiji vya ujamaa, tumehamishiwa upande wa Kwedizinga, na tumekubaliana kujenga zahanati kwa mikono yetu. Kila kaya ilifyatua matofali kwa udongo wa kichuguu, yote yakachomwa tanuri moja. Mkaguzi nilikuwa mimi. Nani mwingine? Ni mimi peke yangu niliyewahi kubeba zege kwa mafundi wa mjini. Nilishika tofali mkono huu na jingine mkono huu, nikayagonganisha. Likilia ngii, linakwenda ukutani. Likisema bu, kando. Watu walikuwa wakinitazama usoni kabla hata sijatamka. Raha ile, wallahi, sijaipata tena hata nilipopata pesa.

Sasa, mke wa binamu yangu alikuwa mfinyanzi wa vyungu, kazi ya mama yake na bibi yake. Siku moja akaja kwenye rundo nililokwisha kulipitisha, akaokota tofali, akalilamba.

"Shemeji, njaa imekuzidi?" nikamtania. Watu wakacheka.

"Chungu kisichoiva hunata ulimini, shemeji. Hili limenata."

"Lakini limelia! Hukulisikia?"

"Limelia, ndiyo. Hata mtoto mgonjwa hulia."

Wakacheka tena, na safari hii walinicheka mimi. Moyo ukaniwaka. Nikaenda moja kwa moja kwenye matofali ya kaya yake, mazuri, nayajua yalikuwa mazuri, nikayakataa yote bila kugonga hata moja.

"Yana kosa gani?" akauliza kwa upole.

"Rangi."

Rangi! Mpaka leo sijui neno lile lilitoka wapi.

Mwenyekiti wa kijiji akaagiza pipa la maji. Likatumbukizwa tofali lile alilolilamba shemeji na moja la kaya yake, tukayaacha. Baada ya swala ya alasiri akayaopoa mwenyewe. La shemeji lilitoka kama lilivyoingia. Lile nililolipitisha mimi lilimmeguka mkononi, likamchuruzika hadi kwenye kiwiko.

"Humu watazaa wake zetu," akasema, "na masika yanakuja. Kuanzia sasa mkaguzi ni huyu mama."

"Mzee mwenyekiti," nikasema, "mpe mtu yeyote. Usimpe huyu."

"Basi kagua pamoja naye. Akufundishe kulamba. Au hutaki? Kama hutaki, beba anayoyakataa. Lamba au beba, chagua."

Shemeji akaninyooshea tofali, wala hakuwa na dhihaka usoni, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Kulipokea kungekuwa kukiri mbele ya kijiji kizima kwamba ananifundisha kazi yangu.

Nikabeba. Mengi aliyoyakataa yalikuwa niliyoyapitisha mimi, na kila nilipoinama kuokota nilimsikia nyuma yangu akisema taratibu, "Hili, shemeji. Na hili."