Presi ya Rotule Isiyofunguka Mdomo

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya Kamalondo nilipewa nyundo nzito kabla sijaulizwa jina. Chef wa atelier, yaani mkuu wa karakana, mtu mfupi aliyevaa kofia ya sufu hata wakati wa joto, alinionyesha mkono wa gurudumu uliobanwa mezani.

"Piga," akasema. Nikapiga. "Weye, unaogopa kuamusha mutoto? Piga!"

Tulikuwa tunatoa rotule, kile kifundo cha chuma chenye kichwa cha mviringo kinachoshikilia gurudumu na kuliacha ligeuke. Ikichakaa, mpya huingizwa kwa nguvu katika tundu lile lile. Sisi tuliingiza kwa nyundo. Tundu likiwa limelegea, tulichomelea nukta mbili pembeni ili rotule isichomoke. Karakana zote tulizozijua zilifanya hivyo. Moto ule huharibu plastiki na grisi za ndani, lakini gari lilitoka likitembea, na mteja aliaga kwa furaha.

Baadaye nilihamia atelier ya magari yaliyopeleka wafanyakazi kwenye mgodi wa Kinsevere. Chef mécanicien, fundi mkuu wa huko, alichukia nyundo. Alileta presi: chuma chenye umbo la C, skrubu nene inayosukuma, na vikombe vya kupokea rotule upande wa pili. Presi ile ilikuwa dhaifu. Ukikaza, mdomo wa C ulifunguka kidogo, na rotule ikaingia kwa kulala upande.

Ndivyo ilivyoingia kwenye basi dogo la Kabwe, dereva aliyekuwa rafiki yangu. Niliiona imelala. Nikamalizia kwa nyundo, nikachomelea nukta mbili, nikapaka grisi juu zisionekane.

"Imeingia sawa?" Chef akauliza.

"Imeingia, Chef."

Kabwe akachukua ufunguo. "Ndugu yangu, leo haitalia tena kama mbuzi?"

"Haitalia."

Haikulia. Wiki ile gurudumu lilikunjika njiani, Kabwe akiwa peke yake ndani ya gari. Goti lake lilivunjika, na hakuendesha tena. Chef aliitupa presi akisema ndiyo iliyotuponza. Mimi nikanyamaza, chuma kikabeba kosa langu.

Kabwe amefariki msimu huu wa mvua, kwa ugonjwa. Nilikaa kwenye kilio chake siku zote za matanga, nikapokea chai kutoka mikononi mwa binti yake Béatrice, na kuhusu rotule ile sikusema neno. Béatrice ana teksi, na huitengeneza mwenyewe uani kwake Bel-Air. Baada ya kilio alikuja kwangu, mimi anayeniita Papa kama baba yake. "Papa, nimechoka kukodi presi za watu. Twende unichagulie yangu."

Kwa muuza vyombo vya karakana alishika moja yenye sanduku la kung'aa. Nilimwambia aachane na sanduku. Skrubu izunguke kwa vidole bila kukwama, na meno yake yawe membamba, yaliyochongwa safi. Vikombe viwe vya vipimo vingi, vikae bapa, nguvu iangukie ukingo wa rotule, siyo kifuniko chake. Zaidi ya yote, upime mdomo wa C kabla ya kukaza, kisha upime tena ukiwa umekaza. Ukiongezeka, iache. Na tundu likilegea, badilisha mkono mzima. Usichomelee.

"Juu ya nini usichomelee? Bote banafanya."

Nikamwambia. Nilimweleza yote, hata grisi niliyopaka juu.

Aligeuza ile presi mikononi. "Papa yangu alikuwa anasema ni ile machine njo ilimuvunja."

"Hapana. Ni mimi."

"Ulimuambia?"

"Sikumwambia."

"Sasa unaniambia miye, mbele ya huyu muuza!" Muuzaji akajifanya anapanga spana zake. Béatrice akafuta macho kwa kiganja, akanisukumia presi ile kifuani. "Pima. Iko inafunguka ao haifunguki? Sema kweli."

Tukabana kipande cha chuma, nikapima. "Inafunguka."

Akairudisha. Ya pili pia. Ya tatu ilikuwa nyeusi, nzito, bila sanduku, na mdomo wake haukusogea. Akaibeba mwenyewe mpaka nyumbani. Njiani hakuniita Papa.

Nimestaafu, na sidhani kama msamaha ni kitu cha kudai. Ila Béatrice akiwa na kazi ya rotule hunitumia ujumbe. Ninakwenda, ninakaa kwenye kiti cha plastiki uani kwake, sigusi kitu. Anazungusha, anasimama, ananitazama. Kazi yangu ni kusema inaingia sawa au imelala. Jumamosi iliyopita nilisema imelala, mara mbili, na jasho lilikuwa linamtiririka. Mara zote mbili aliitoa, akaanza upya.