Mpini Uliopimwa kwa Tonge la Ugali

Saa mbili asubuhi, Kirua Vunjo. Ukungu bado umekalia migomba. Hilda Mosha anasugua kipande cha mti wa mbuni kwa msasa, anakipapasa kwa kiganja, anasugua tena. Pembeni ipo randa ya chuma ya zamani, haina mpini.

Randa si yake. Ni ya Mzee Filemon, fundi seremala aliyemfundisha kazi kwa miaka minne. Mwaka jana mzee alipata kiharusi, na mkono wa kulia haufumbi vizuri tangu hapo. Mwezi uliopita aliileta randa kwenye mfuko wa rambo, akamwomba Hilda ainunue.

"Nilikataa," anasema Hilda (33), mama wa watoto wawili. "Nikiinunua, ndiyo basi tena, nimemstaafisha. Nikamwambia, niachie kwanza."

Mafundi wa hadi Himo humletea randa kuukuu zinazoteleza au kuchuna kiganja. Kwa Sh15,000 Hilda huzichongea mpini mpya kutoka visiki vya mibuni iliyozeeka, mti mgumu usiopasuka ovyo.

Lakini mpini wa kwanza wa mwalimu wake ulishindwa. Ulipendeza, uling'aa, na randa ikamponyoka mzee palepale.

"Nilichonga mkono ninaoukumbuka mimi," anasema taratibu. "Siyo huu alionao sasa."

Jibu alilipata mezani. Mama Eunike, mke wa Filemon, alimkaribisha chakula. Hilda akamwona mzee akibana tonge kwa mkono ule mgonjwa, kuuzoeza. Tonge likabaki na alama: dole gumba limelala chini, vidole viwili tu vimezama.

"Nikapiga kelele, Mzee, usile hilo!"

"Miaka arobaini nampikia," anakumbuka Mama Eunike, nyumbani kwake, "sijaona chakula changu kikitunzwa vile."

Tonge kubwa zaidi lilibanwa, likaanikwa juani. Kuku wakalila. Likabanwa jingine. Kwa kulifuata hilo, Hilda akachonga mpini mnene, umeinama, wenye kishimo cha dole gumba na mkanda wa ngozi.

Leo, mpini ukiwa umeshafungwa kwenye randa, mzee amekuja mwenyewe, na fimbo yake.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Huu ni mpini au kiazi?"

"Jaribu kwanza, ndipo unitukane."

Mzee anaingiza mkono. Hilda anakaza mkanda, anarudi nyuma. Ubao wa mringaringa umeshabanwa kwenye meza. Msukumo wa kwanza unakwama. Wa pili unatoa vumbi.

Wa tatu unatoa utepe mrefu wa mbao, mmoja, umejikunja kama nywele za mtoto. Mzee anauokota, anauinua kwenye mwanga.

"Mnene. Kisu hujakinoa."

Hilda anageuka kufuta macho. Anasingizia vumbi la msasa.

Mpango wake ni kupata kibanda Himo, awatengenezee randa mafundi walioumia mikono, na mwalimu wake awe wa kuzijaribu kabla hazijatoka. Mzee hajasema ndiyo. Ameipakata randa yake, anaelekea njiani.

"Na ile randa yangu ndogo nitaileta kesho," anasema bila kugeuka.

"Basi mwambie Mama Eunike asonge ugali mwingi," Hilda anamjibu. "Na safari hii kuku wafungiwe!"