Maneno Marefu ya Herufi I

Dada yangu alirudi kwetu Baraka, upande wa Kongo, kutoka Kigoma na sanduku la bati, pasi ya mkaa, na maneno marefu ya Kiingereza yaliyoanza na herufi moja tu. Maneno hayo ndiyo yaliyotupeleka Fizi, mbele ya bwana administrateur, mzungu mkuu wa wilaya. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya hamsini. Habari za fujo za kudai uhuru kule Léopoldville zilikuwa zimetufikia, na wazungu walikuwa wameanza kutusikiliza hata tunapocheka.

Kule Kigoma dada alikuwa akitunza mtoto wa Mwingereza wa reli. Mama wa mtoto alimfundisha mwanawe maneno marefu, kila wiki herufi yake. Walipofika kwenye I, mtoto akashikwa na homa, akalala karibu mwezi mzima, na mama yake hakutaka kuendelea mpaka apone. Kila asubuhi, maneno yale yale. Dada alikuwa chumbani humo akipiga pasi, akayashika yote. Kabla herufi nyingine haijaanza, akapata habari kwamba baba yetu amefariki, akavuka ziwa kurudi nyumbani.

Mimi nilikuwa msichana wa kuposwa. Tulipokwenda mtoni kuloweka mihogo na wanawake wenzetu, dada alitugawia neno na maana yake. "Immediately" ni sasa hivi, bila kukaa kwanza. "Invisible" ni kitu kipo lakini macho hayakioni. "Inconvenience" ni kusumbua mtu aliyejitulia. "Irresponsible" ni mume anayeuza samaki wote na kurudi nyumbani mikono mitupu. Hiyo maana nadhani dada aliiongeza mwenyewe, kwa sababu ya mume wa jirani yetu. "Independence" ni kujifanyia mambo yako mwenyewe. Tuliyatamka yakiwa yamepindapinda, tukacheka hadi mihogo ikatuponyoka majini.

Jirani yetu alilipenda hilo la mwisho. Siku moja sokoni, mwenzake alimwomba amsaidie kujitwisha kapu. Akamjibu kwa sauti, "Independence!" Wanawake wote wakaangua kicheko. Karani wa pamba alikuwa amesimama nyuma yetu. Yeye hakucheka.

"Nani amekufundisha hilo neno?"

Macho ya jirani yalikimbilia kwa dada.

Kesho yake asubuhi wakaja polisi wawili. Dada alifunga kitenge chake vizuri, akatoka. Nilipouliza wanampeleka wapi, mmoja akanitazama. "We ni nani?"

"Mudogo wake."

"Panda na we."

Walitupakia kwenye lori la pamba. Barabara ya Fizi inapanda milima, na kwenye kila kona nilishika mkono wa dada. Hatukuzungumza, maana polisi walikaa na sisi juu ya magunia.

Fizi wakamwingiza yeye kwanza, mlango ukafungwa. Mimi niliketi barazani. Sikusikia maneno, nilisikia kiti kikivutwa, kisha kimya, kisha kiti tena. Walipomaliza wakamtoa kwa mlango wa nyuma, hata sikuuona uso wake. Ndipo nikaitwa.

Administrateur alikuwa mtu mwembamba mwenye shingo nyekundu. Pembeni alikaa karani wake, Mwafrika wa makamo, wa kumtafsiria. Lakini swali la kwanza mzungu aliliuliza mwenyewe, kwa Kiswahili chake.

"Indépendance iko nini?"

Sikujua dada alikuwa amejibu nini. Nilifikiri kusema kwamba sijawahi kulisikia neno hilo. Nilifikiri kusema ni jina la wimbo. Mwishowe nikasema nilichojua.

"Iko kuvaa viatu peke yako, bwana."

Karani akainua kichwa. Nikaeleza: yule mama wa Kigoma alimpa mtoto viatu vyake, akamwambia afunge kamba mwenyewe, akamwambia hiyo ndiyo independence. Dada ndivyo alivyotuambia.

Mzungu akasema maneno mengi kwa Kifaransa. Karani akayageuza taratibu. "Bwana anasema, dada yako amesema vile vile. Viatu, kamba, yote."

Nikashusha pumzi. Nilikosea.

"Anasema, basi mulipatana njiani."

Tungesema tofauti, tungekuwa waongo. Tumesema sawasawa, tumekuwa waongo zaidi. Mzungu akainuka, akaja kusimama karibu nami, akaanza kunijaribu kwa maneno ya I ambayo ni ndugu katika Kifaransa na Kiingereza. Invitation? Nikajibu: kuitwa kwenye karamu. Impossible? Isiyowezekana. Kisha akainama.

"Insurrection?"

"Hiyo sikufundishwa, bwana." Na kwa mazoea ya mtoni, kabla sijajizuia, nikauliza, "Maana yake iko nini?"

Kalamu ya karani ikasimama. Akamtazama mzungu. Mzungu akamtazama yeye. Leo najua kwamba neno hilo maana yake ni uasi, watu kuinukia serikali. Siku ile niliona tu watu wazima wawili ambao hakuna kati yao aliyetaka kuniambia.

"Nani alikufundisha kuuliza hivyo?" karani akasema polepole.

"Hakuna muntu. Dada akituletea neno, anatuletea na maana yake."

Mzungu akarudi kitini. Akaamuru dada aletwe. Tukaambiwa: Kiingereza kisisikike tena, si sokoni, si mtoni, si ndani ya nyumba. Dada atafika Fizi kila mwisho wa mwezi kuonekana. Tukirudia, ni buloko, gerezani.

Lori la kuturudisha halikuwapo. Tulishuka kwa miguu. Tulipoipita nyumba ya mwisho ya Fizi, nikamuuliza dada lile neno lina maana gani.

"Sijui," akasema. "Na usiulize muntu."

Akaongeza mwendo.

Mama alitungoja uani. Kabla ya salamu alitugeuza, akafunua migongo yetu, akaipapasa yote akitafuta alama za fimbo. Hakuzikuta. Ndipo akasema, "Kaeni. Bugali iko."

Mtoni wanawake wakaanza kuloweka mihogo yao mbali na yetu. Dada alikwenda Fizi mara chache, na kila safari alirudi amekonda zaidi. Kisha asubuhi moja akaenda Swima, kando ya ziwa, ambako hakuna aliyemjua, akapanda mtumbwi wa wafanyabiashara, akavuka ziwa. Mama na mimi tulijua. Polisi walipokuja kumwulizia, mama akawaambia ameolewa Kilembwe, mbali na ziwa. Wakaandika.

Mmoja wao akanitazama kwa muda mrefu. Niliendelea kumenya mihogo, nikingoja aniulize na mimi dada alikokwenda. Hakuniuliza.