Dubu wa Finland Kwenye Lamineshi

Mimi nakusanya stempu na postikadi, na kwenye jambo hili sina mzaha. Nina albamu, nina kibano cha kushikia stempu, na nina kauli moja ambayo nyumbani wameichoka: nawa mikono kwanza. Naishi Mbeya, lakini marafiki zangu walioko nje huniandikia kwa sanduku la posta la usharika wetu kule Iringa, anwani waliyonayo tangu tukiwa shule. Mama huzichukua kadi baada ya ibada na kunitunzia.

Mwaka huu nilisubiri kadi moja kama mtoto anavyosubiri nguo ya Krismasi. Rafiki yangu wa sekondari, ambaye sasa anasoma Finland, alinitumia stempu yenye picha ya dubu, ile iliyokosekana kwenye ukurasa wangu wa wanyama. Mama akapiga simu kwamba imefika. Jumamosi nikapanda basi la kwanza, na kuanzia Makambako nilikuwa natabasamu peke yangu.

Mama alinipokea kwa chai, kisha akaniletea bahasha kwa fahari. Kadi zote za mwaka mzima zilikuwa zinang'aa. Alikuwa amezipeleka stesheneri zikapigwa lamineshi, dubu wangu akiwemo.

"Mama! Umefanya nini?"

"Vyeti vyako vyote nilivipiga lamineshi mimi, mbona hukulia?"

Nikamweleza kwamba stempu ikishafungiwa kwenye plastiki haitoki tena, na kwa sisi wakusanyaji hiyo imeshakufa. Nikamalizia kwa hasira: kuanzia sasa kadi zitakuja kwa sanduku la kazini kwangu, Mbeya. Mama alizirudisha kadi kwenye bahasha moja moja, amenyong'onyea, na chai ikanishinda.

Kesho yake baada ya ibada wakaingia akina mama wa kwaya, kama kawaida yao ambayo mimi sikuijua. Wakakaa, wakapewa maandazi.

"Haya jamani, leo tunakwenda wapi?" mmoja akauliza.

Mama akanitazama kwanza. Nikaitikia kwa kichwa, naye akaitoa bahasha. Kadi zikazunguka kwenye vidole vyenye mafuta, zikamwagikiwa chai, zikafutwa kwa ncha ya khanga. Mmoja alimsikitikia rafiki yangu kwa ile theluji iliyoonekana kwenye kadi.

"Anasikitikiwa nini?" mwenzake akadakia. "Baridi yenyewe si kama ya Makete tu!"

Wakabishana mpaka sufuria la chai likaisha. Bila ile plastiki, kadi zangu zisingevuka Jumapili moja. Nilicheka hadi machozi, nikampenda mama yangu upya, na habari ya sanduku la Mbeya sikuitaja tena.

Niliporudi Mbeya nikamsimulia rafiki yangu kwa WhatsApp, naye akacheka sana. Nilipokwenda tena Iringa nikakuta kuna kadi mpya kutoka Finland, dubu yule yule juu yake, safari hii imeandikwa jina la mama.

Hii hakuipeleka stesheneri, wala akina mama wa kwaya hawakuonyeshwa. Alikuwa ameilaza katikati ya kitabu chake cha nyimbo, kitabu akakifunga kwenye kitambaa safi. Alipokifungua nikanyoosha mkono upesi. Akaivuta kadi kifuani.

"Hii ni yangu," akasema. "Nawa mikono kwanza."